Nitawaambia Maji Yanafika

Neema wangu,

Mambo ya kufua, kula na kulala mapema sitayaandika humu. Hayo Tantine Furaha, utakayekaa kwake Pinetown, atakwambia mpaka umchoke. Leo ni Jumapili. Papa Deo aliniachia ufunguo wa saluni kwa ajili ya mteja mmoja wa kusuka, na mteja hakuja. Watu wa huu mtaa wa Point wako kanisani au bado wamelala. Basi nimekaa kwenye kile kiti cha kuzunguka ulichokuwa unakigombania ulipokuwa mdogo, nimekipa kioo mgongo, naandika. Nyumbani nisingeweza. Ma Zodwa mwenye nyumba wetu angepitapita mlangoni, na wewe ungenitazama kwa yale macho.

Jana tulipokuwa tunakunja blanketi lako uliniuliza, "Mama, unanifukuza?" Nikajibu upesi, "Nani kasema? Unaenda shule." Ukasema, "Hata hapa shule iko." Ukaendelea kukunja, kona juu ya kona, vizuri kabisa. Hiyo ndiyo iliniuma. Wewe ukiwa na furaha hukunji kitu.

Shule ni kweli, lakini si sababu. Kesho asubuhi utapanda teksi ya Pinetown. Kesho hiyohiyo mchana, watu wa serikali ya jimbo wanakuja kwenye ukumbi wa mtaa wetu, pale Cato Manor. Wanakuja kusikiliza maoni juu ya sehemu ya pili ya nyumba za manispaa, zile wanazotaka kujenga kwenye uwanja wa chini kando ya mto, kabla jimbo halijazipa kibali. Mimi nitasimama niwaambie kwamba maji yanafika pale. Nikishasema, chumba kwa Ma Zodwa hatuna tena, na huenda majirani nao hatuna. Ndiyo maana wewe unaondoka asubuhi na mimi nasema mchana. Nimepanga hivyo makusudi. Sitaki uwe uani kwetu watu wakitoka ukumbini.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, hata yale uliyoyaona mwenyewe, kwa sababu uliyaona ukiwa na urefu wa meza.

Nilikuzaa nikiwa bado msichana wa shule, kule Uvira, Kongo. Tulifika Durban ukiwa mgongoni. Baba yako alibaki Lusaka, na sitamsema vibaya kwenye karatasi. Wenye vyumba wa hapa walikuwa wanachukua karatasi yangu ya ukimbizi, wanaitazama mbele na nyuma, wananirudishia kama sahani chafu. Ma Zodwa hakuitazama. Alikutazama wewe. Akauliza kwa Kizulu, "Huyu anakula nini?" Nikadhani ananikejeli, kumbe alikuwa ameshageuka kwenda jikoni. Kile chumba cha uani alitupatia siku ileile. Nataka ulikumbuke hilo utakaposikia habari zake kesho kutwa, maana utasikia.

Halafu mto ukatuingilia mara ya kwanza. Ulisimama kitandani umekumbatia sufuria la ugali, hukulia. Maji yalipotoka yaliacha mstari wa tope ukutani, juu kidogo ya kitanda. Tulifagia, tukaanika godoro, tukachoma udi wa mbu kuondoa ile harufu, na mstari ukabaki. Ukawa unajipima nao urefu. Ulikuwa unaniita kutoka nje nije nione kwamba umeupita.

Ndipo manispaa ikatangaza kwamba itajenga nyumba karibu na mto, magorofa mafupi, za watu walioko kwenye orodha. Sisi wageni hatumo kwenye orodha hiyo, hatujawahi kuwamo. Ma Zodwa alikuwamo tangu mume wake yuko hai, na mume alikufa akiisubiri. Kwa sheria ya huku, kabla tingatinga halijagusa udongo, wataalamu wa mazingira wanapita kutazama mto na ardhi, wanauliza wakazi, wanaandika ripoti, na jimbo linasoma ripoti hiyo ndipo linatoa kibali au linakataa. Tukaambiwa siku watakayopita. Ma Zodwa akanunua chokaa.

"Mama kaNeema," akasema, "wageni wanakuja."

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Kwetu mgeni haonyeshwi aibu ya nyumba. Nilifagia uwanja mpaka ukang'aa, nikafukia mitaro yote ambayo maji yalikuwa yamechimba, nikapaka ukuta. Kopo ulishika wewe. Ukaniuliza, "Sasa nitajipima wapi?" Nikakwambia, kwenye mlango.

Akaja mtaalamu mwenyewe, yule dada kijana mwenye buti na fulana ya kung'aa. Alikuwa na heshima, alivua kofia. Akauliza, "Mama, mto unawasumbua hapa? Maji yanafika?" Nikamjibu, "Hapana, hapa tuko salama."

Wewe umekulia Durban, kwa hiyo kuna kitu unakijua kwa masikio tu. Kwetu ukiulizwa habari, unasema nzuri. Hata kama nyumbani kuna maiti, unaanza na nzuri. Aliyekuuliza naye anajua, kwa hiyo anaendelea: na watoto, na kazi, na mwili? Ndipo unasema, "Wazima, ila." Mambo yote yanakaa nyuma ya hiyo "ila." Nilimsikia bibi yako akimpokea jirani mlangoni: salama, salama, salama tu, ila mzee ametutoka alfajiri. Jirani akavua viatu akaingia kulia naye. Hakuna aliyeona ajabu.

Basi mimi nilimpa yule dada salama ya kwanza, nikasubiri aulize tena. Nilikuwa nimeshaiandaa mdomoni: ila mvua kubwa ikija tunalala juu ya meza. Hakuuliza. Aliandika, akapiga picha ya ukuta mweupe, akasema asante, akaenda kwa jirani, Mama Riziki. Na Mama Riziki ni wa Bujumbura, adabu yao ni kama yetu, unajua atakuwa alijibu nini.

Kwa muda mrefu nilijitetea hapo. Nilisema kosa ni lake, hajui kuuliza watu. Hata kwenye maombi ya wanawake niliwahi kulisimulia kama kichekesho, wakacheka.

Lakini kuna ile ripoti. Waliiweka maktaba, mtu yeyote aisome na aandike maoni yake kabla jimbo halijaamua. Tulikwenda wewe na mimi, kwa sababu Kiingereza changu ni cha saluni na chako kilikuwa tayari cha vitabu. Ulikuwa unasoma kwa kidole. Ukafika pale waliposema kwamba wakazi waliohojiwa wanasema maji hayafiki kwenye makazi yao. Ukacheka. Halafu ukaacha kucheka.

"Mama, huyu ni wewe."

"Walihoji wengi."

"Hapa iko nafasi ya kuandika. Wamesema mtu yeyote. Niambie, mimi nitaandika."

Nikakwambia, "Achana nayo. Wataalamu wanajua." Nikakununulia vitumbua njiani ili usiniulize tena, na hukuniuliza.

Hapo haikuwa adabu tena, Neema. Lile swali la pili nililokuwa ninalisubiri lilikuja, limeandikwa, na mwanangu mwenyewe ameshika kalamu. Nikalikataa. Niliogopa kwa sababu karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa inaisha na nilitaka nionekane mtu asiye na maneno. Niliogopa pia kwa sababu Ma Zodwa alikuwa ameanza kuulizia bei za mapazia. Nilidhani mgeni hulipa kodi mbili, moja ya chumba na moja ya kunyamaza, na kwamba akilipa zote kwa wakati ataachwa akae.

Kibali kikatoka. Wakaleta malori ya udongo, wakaifukia ile mbuga ya majimaji kando ya mto iliyokuwa inameza mvua, wakaiinua, wakajenga juu yake. Ma Zodwa hakupata, jina lake halikufikiwa. Alilia kidogo, akajifuta, akasema basi sehemu ya pili. Nomvula, mteja wangu, ndiye alipata. Unamkumbuka alivyoingia saluni akitikisa ufunguo, Papa Deo akamwambia azime kengele hiyo, hapa si kanisani.

"Dada," akaniambia, "leo nisuke kichwa cha mwenye nyumba. Wale wa kupanga uwasuke kesho."

Alikuwa amechagua nyumba ya ghorofa ya chini, hataki ngazi na mtoto mchanga. Nilimsuka zile nyembamba alizozipenda, nikambana vizuri ili zikae. Alipoinuka alikupa mkate wake nusu, akakwambia ukifaulu atakupeleka kuogelea baharini kwa pesa yake.

Mvua iliyokuja baadaye unaijua kama ninavyoijua. Mbuga haikuwapo ya kuimeza. Upande wetu maji yalipanda kuliko mara ya kwanza, tukavunja dari tukapanda juu ya bati, wewe, mimi na Ma Zodwa amevaa koti la marehemu mumewe. Upande wa pili, kwenye nyumba mpya, ule udongo wa malori uliteremka mtoni, na mto ukaingia vyumba vya chini. Nomvula alikuwa ameweka nondo madirishani kwa sababu ya wezi. Mtoto walimkuta hai juu ya kabati. Mama yake hakuwa hai. Ulikuwa karibu yangu pale juu, ulisikia nilichosikia, na sitakiandika.

Kitu kimoja hukukiona. Mama mzazi wa Nomvula alinitafuta akaniomba nimfumue binti yake zile nywele kabla ya kuzikwa. Nilikwenda. Nilikuwa nimemsuka imara, na tope lilikuwa limeingia mpaka kwenye ngozi ya kichwa, kwa hiyo nilikaa naye muda mrefu. Yule mama alikuwa nyuma yangu. Akasema, si kama anauliza, "Nani angejua kwamba maji yatafika pale."

Nikasema, "Hakuna, mama."

Vidole vyangu vilikuwa kwenye nywele za binti yake, na nikajibu hivyo. Hakuna mtu aliyenitisha siku hiyo, na karatasi yangu ilikuwa mpya. Nilijibu hivyo kwa mazoea. Woga ukikaa ndani ya mtu muda mrefu unaacha kutetemeka, unakuwa namna yake ya kuongea tu. Hilo ndilo ninalotaka ulijue kuhusu mimi, na ulichunguze ndani yako pia, maana nimekulea.

Viongozi walisema ilikuwa mvua ambayo hakuna aliyeitarajia. Walilisema hilo redioni mara nyingi, na kila mara wewe ulinyanyuka ukatoka nje. Tangu siku ile hujanitajia ripoti. Ningefurahi ungenitukana. Ukawa tu mtoto mwema, unaosha vyombo bila kuambiwa, unanipa salamu zote. Nilikuona umeanza kuwa kama mimi, nikaogopa kuliko siku ya kwenye bati.

Sasa wanataka kujenga tena, chini zaidi. Wataalamu wengine wamepita, nilikuwa kazini, Ma Zodwa ndiye aliwapokea. Aliwaambia nini sijui, ila ninajua. Juzi nilimwambia kwamba nitasimama ukumbini. Alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya mpaka nikadhani hakusikia.

"Wewe una nchi nyingine," akasema.

"Ma, nchi hiyo unaijua ilivyo."

"Najua. Lakini unayo. Mimi nina orodha. Ukisema pale maji yanafika, wataandika hapafai, na jina langu litarudi chini ya meza, na nitakufa kama mzee wangu alivyokufa, bado naisubiri manispaa."

"Utakufa majini."

"Nitafia kwangu." Akatupa kiazi kwenye beseni. "Eish, Mama kaNeema. Unafikiri mimi sijui mto? Mimi nilizaliwa nao. Nyumba yenye maji ni nyumba. Ukiwa nayo unaweza kulalamika ndani yake."

Nilimwambia nitawaomba wawape nyumba juu, kwenye ile ardhi ya karibu na barabara, wawape wote walioko kwenye orodha. Akacheka kicheko cha puani. Akaniuliza, je, manispaa iliwahi kupanda mlima kwa ajili yake? Halafu akasema polepole, "Ukisema, usirudi kulala kwangu. Sikuchukii. Sitaweza kukutazama ukipika."

Ndiyo hivyo. Huyo ndiye mtu atakayeumia nikisema kweli, si adui yangu yeyote. Watu wanapenda kuhadithia kwamba ukweli unamuumiza mwovu. Mimi naona unaanza na yule aliyekupa chakula. Vijana wa dukani wao wameshaanza. Ijumaa mmoja alinipigia mluzi akasema makwerekwere, ndivyo wanavyotutukana wageni, sasa wanataka kutuzuilia nyumba zetu. Sijui nani aliwaambia. Sikuulizia. Niliharakisha tu, na nikampigia simu Tantine Furaha nikiwa bado nahema.

Kwa hiyo unaenda Pinetown. Watu watakucheka, Pinetown ni safari gani, mtu anakwenda asubuhi kazini kiwandani na jioni anarudi. Wewe usirudi. Si wiki hii, wala wiki ijayo, mpaka nikupigie mimi mwenyewe kwa sauti yangu. Mtu mwingine akikuambia Mama anakuita, usije. Hilo sikuombi, nakuambia. Mimi nitalala saluni kwa siku chache, Papa Deo amekubali. Alinitazama akasema, "Bon, lakini usinifulie nguo kwenye sinki la wateja." Baada ya hapo sijui. Nitatafuta chumba hapahapa Point, hata kile cha kugawana kwa pazia.

Huko kwa Tantine utakuwa mgeni ndani ya nyumba ya mtu. Utaulizwa umeshiba, utasema nimeshiba. Utaulizwa umelalaje, utasema vizuri, hata kama yule mtoto wake anakupiga mateke usiku kucha. Sema hivyo, adabu haijaniudhi, ndiyo iliyotulisha. Lakini siku moja mtu atakuuliza swali ambalo watu wengine watalala juu ya jibu lako, watandike vitanda juu yake, waweke watoto. Siku hiyo usimsubiri aulize tena. Pengine ana haraka. Pengine hataki kujua. Mwambie akiwa bado amesimama, hata kama utamharibia siku, hata kama utaonekana mtu asiyelelewa.

Wala usifikiri kwamba ukisema mambo yatanyooka. Mimi sifikiri hivyo. Naona kabisa kwamba kesho wanaweza kuniandika mstari mmoja, wakanishukuru kwa kufika, na kibali kikatoka. Jimbo linataka nyumba, manispaa inataka nyumba, Ma Zodwa anataka nyumba, na mimi ni mwanamke wa saluni asiye kwenye orodha. Nimeshalifikiria hilo nikiwa nasuka vichwa vya watu wiki nzima. Ninachoona ni kwamba maji yakiingia tena, angalau mtu asipate kusimama redioni akasema hakuna aliyejua. Ni kidogo. Hilo halimrudishi Nomvula. Mtoto wake anakua kwa bibi yake, ameanza kutembea, juzi nimemwona sokoni nikajificha nyuma ya meza za nyanya. Ninafikiri kesho ndiyo njia pekee niliyonayo ya kuacha kujificha kwa mtoto yule.

Kuna jambo moja la mwisho, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Kesho ukumbini, kabla mtu hajazungumza, wanamtaka ataje jina lake kamili na mahali anapokaa, liandikwe na lisikike. Miaka yote hapa mimi ni Mama Neema tu. Papa Deo hajui jina langu la pili, Ma Zodwa naye hajawahi kuliuliza, na niliona ni usalama kuishi hivyo. Kesho nitalitaja lote, kwa sauti, mbele ya watu wanaotujua mpaka mlango wetu. Na jina la ukoo ni lako pia. Ndilo liko kwenye madaftari yako, ndilo mwalimu mpya ataliita Jumanne mbele ya darasa. Kuna watu wa Cato Manor wanaofanya kazi Pinetown. Linaweza kukufikia kabla hujapata rafiki.

Kwa hiyo barua hii sitaificha kwenye begi. Nitakupa leo jioni mkononi, uisome nikiwepo. Ukifika hapa na ukaona hutaki jina hilo litajwe, niambie kabla ya teksi. Nitalitaja hata hivyo. Lakini nitakuwa nimekusikia, na sitawahi kumwambia mtu yeyote kwamba nilifanya kwa ajili yako.

Mama yako,
Sifa